Mwanao anasomea uhifadhi? Mwombe akuandikie ukurasa mmoja

Muulize mzazi wa Pemba msimu uliopita alipeleka kilo ngapi za karafuu, atakujibu bila ya kufikiri. Muulize ada ya chuo ya mwanawe imelipwa kiasi gani na imebaki kiasi gani, atakutajia mpaka shilingi ya mwisho. Lakini muulize mwanawe anajifunza nini huko chuoni, mara nyingi jibu huwa fupi: “Anasomea mambo ya mazingira.” Basi.

Si kosa la mzazi. Sayansi katika sekondari na vyuo vyetu hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana akirudi likizo, nguo chafu hutoka kwenye begi, lakini aliyoyasoma hubaki humo humo. Anaweza kujaza kurasa kumi za mtihani kuhusu viumbe vinavyotoweka, kisha akashindwa kumweleza bibi yake kwa nini popo asipigwe.

Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko ada. Kisiwani Pemba, anayeamua popo aishi au afe si mhadhiri. Ni mwenye mwembe, ni mvuvi, ni mama anayekwenda pwani kuchokoa pweza, ni kijana mwenye nyavu. Elimu ya uhifadhi isipofika kwa hawa, haijafika popote.

Ipo njia moja nyepesi ya kuifikisha, nayo humsaidia mwanafunzi mwenyewe kuelewa somo lake. Ni kumfanya aandike, kila wiki, ukurasa mmoja kwa mtu ambaye si mwalimu wake.

Somo lenye wagonjwa

Kwanza tulijue somo. Biolojia ya uhifadhi ni elimu inayochunguza kwa nini viumbe hupungua na kutoweka, na nini kifanyike wasitoweke. Kama fani yenye jina lake ni changa. Chama cha wanasayansi wake kilianzishwa mwaka 1985 nchini Marekani, na mmoja wa waasisi wake wakuu, Michael Soulé, aliifananisha na kazi ya daktari wa dharura. Mgonjwa ameletwa, damu inamtoka, vipimo vyote havijarudi, na uamuzi unatakiwa sasa.

Mfano huo mzazi yeyote anauelewa. Daktari wa dharura hatibu peke yake. Lazima azungumze na jamaa wa mgonjwa, awaeleze kinachoendelea, awaombe ruhusa, awaambie nini wafanye wakirudi nyumbani. Akizungumza lugha wasiyoielewa, dawa itabaki dirishani.

Ndiyo maana katika vyuo vya nchi mbalimbali wapo walimu wa somo hili waliobadilisha kazi wanazowapa wanafunzi. Badala ya insha ndefu inayosomwa na mtu mmoja, ikapewa alama na kutupwa, mwanafunzi huandika habari fupi fupi za kusomwa na watu wote. Wenzake huzisoma, watu wa nje huzisoma, na yeyote anaweza kumuuliza swali. Na akiulizwa, ajibu.

Faida yake huonekana haraka. Mtu anayemwandikia mwalimu huweza kujificha nyuma ya maneno makubwa. Anayemwandikia shangazi yake hana pa kujificha. Ama ameelewa, ama hajaelewa, na shangazi ataligundua hilo katika mstari wa tatu.

Popo aliyeokolewa kwa maneno

Pemba tuna mfano wetu wenyewe wa nguvu ya kueleza. Ni popo mkubwa, yule mwenye mabawa yanayofika karibu mita moja na nusu yakikunjuliwa. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1909, na mpaka leo hajulikani kuishi pahala pengine popote duniani. Si Unguja, si Mafia, si bara. Ni Pemba tu na visiwa vidogo vilivyoizunguka.

Kwa miaka mingi misitu yake ilikatwa, kwanza kupisha mikarafuu, baadaye kwa mashamba na kuni. Pamoja na hayo aliwindwa kwa bunduki na nyavu kwa ajili ya kitoweo. Mwaka 1995 watafiti walikadiria kuwa waliobaki hawakuzidi 5,500. Mwaka uliofuata IUCN, shirika la kimataifa linalotunza orodha ya viumbe vilivyo hatarini, lilimweka katika daraja la hatari kubwa kabisa. Hatua moja zaidi ingekuwa kutoweka katika mazingira yake.

Kilichofuata hakikuwa ukuta wala jeshi la walinzi. Idara ya misitu ya Zanzibar, ikishirikiana na shirika la Fauna & Flora International, ilianza kupeleka elimu skuli na vijijini. Wanakijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda popo katika maeneo wanayolala. Kidike, karibu na Ole, wenyeji wakaanza kupokea wageni wanaokuja kuwatazama, na kiingilio kikabaki kuwasaidia wanakijiji. Popo aliyekuwa kitoweo akawa na faida akiwa hai juu ya mti.

Matokeo yalihesabika. Katika muongo mmoja hivi idadi ilipanda hadi zaidi ya 20,000. Mwaka 2008 IUCN ilimshusha popo wa Pemba ngazi mbili katika orodha yake ya hatari. Bado hajatoka kabisa kwenye hatari, kwani kisiwa ni kidogo na miti inaendelea kukatwa. Lakini wanyama waliopanda namna hiyo baada ya kufika ukingoni ni wachache.

Mzazi atie akilini jambo moja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ni kueleza. Mtu alikwenda kijijini, akakaa, akasema kwa Kiswahili: mnyama huyu akimalizika Pemba, amemalizika duniani. Darasani sentensi hiyo yote ni neno moja la Kiingereza ambalo mwanafunzi hulikariri jioni na kulisahau baada ya mtihani.

Mwandiko unavyofichua asiyeelewa

Tuchukue mfano wa kazi ambayo mwanafunzi angeweza kuandika. Swali: kwa nini popo walipungua haraka hivyo, na kwa nini pweza akiachwa kidogo hurudi upesi?

Kwa popo, jibu liko kwenye uzazi. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mwanafunzi anaweza kumwekea mama yake hesabu ya mfano. Tuseme mti una popo 100 na nusu yao ni majike. Hata wote wakizaa, ni watoto 50. Tuseme watoto 20 tu ndio wanaofikia utu uzima. Wawindaji wakichukua 30 kila mwaka, kundi linapungua, ingawa anayepita chini ya mti anaona popo bado wamejaa na kusema, “Hawa hawaishi.” Siku atakayoona wamepungua, watakuwa wameshakuwa wachache mno.

Pweza maisha yake ni mengine. Jike hutaga mayai kwa maelfu, huyalinda bila ya kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Wanaobaki hukua kwa kasi, na pweza mdogo akiachwa miezi michache uzito wake huongezeka mara kadhaa. Ndiyo sababu vijiji kama Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, viliweza kufunga sehemu ya mwamba kwa muda mfupi na kuvuna zaidi siku ya kufungua. Mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao umekuwa ukifanya kazi hiyo na vijiji vya Zanzibar.

Mwanafunzi aliyekariri ataandika kwamba “viumbe vyote vinahitaji kulindwa.” Mwanafunzi aliyeelewa ataandika kwamba mwamba wa pweza unaweza kufungwa miezi michache, lakini popo anahitaji miaka. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe, nayo haionekani mpaka mtu akae chini aandike kwa maneno yake.

Vivyo hivyo kwa faida za popo. Si kusema tu kwamba ni muhimu kwa ikolojia. Mwanafunzi aeleze: popo hutafuna tunda, humeza maji yake, hutema makapi. Mbegu ndogo ndogo, kama za jamii ya mikuyu, hupita tumboni na kuangushwa mbali na mti mama. Hutembelea maua usiku na kubeba chavua. Mzazi akisoma hapo ataanza kuuliza maswali yake. Mbona wanamaliza maembe yangu? Hilo ni swali zuri, na kijana asilikwepe. Uhifadhi unaojifanya hauoni hasara ya mkulima hausikilizwi.

Misali: kuanzia kwa lugha inayoaminika

Mfano wa pili ni kisiwa cha Misali, magharibi mwa Chake Chake, ambako kasa hutaga na ambako wavuvi wengi wa Pemba huvua. Kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Tangazo la serikali peke yake halikutosha, kwani mvuvi ambaye babu yake alivua pale haoni kwa nini karatasi imzuie.

Waliokuwa wakiendesha kazi hiyo wakaanza kuzungumza na wavuvi na maimamu kwa kutumia mafundisho ya Uislamu ambayo kila mtu pale anayajua: kwamba mwanadamu ni mwangalizi wa viumbe na si mwenyewe, kwamba ufujaji ni dhambi. Sayansi haikuachwa. Ilipewa mlango wa kuingilia.

Kwa mwanafunzi hili ni funzo la uandishi. Kabla ya kuandika, ajiulize msomaji wake anaamini nini tayari, na anajua nini tayari. Mama aliyechokoa pweza miaka thelathini anajua mashimo yake, bamvua lake na mwezi wake. Hahitaji kuambiwa pweza ni nani. Pengine anahitaji kujua tu kwa nini yule mdogo wa leo ni bora aachwe.

Na mara nyingi mama huyo ndiye atakayemfundisha msomi. Kijana akimwuliza zamani pweza walipatikana mwamba gani, wa ukubwa gani, na sasa ikoje, ameshaanza utafiti. Aandike majibu kama alivyoambiwa, aweke tarehe na pahala, na aombe ruhusa kabla ya kutaja jina la mtu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maarifa ya wazee ni mali, na mengi hayana daftari.

Yameandikwa mengi, tumesoma machache

Si kwamba Pemba haijaandikwa. Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vya Marekani wamekuja Zanzibar kupitia programu ya SIT, na kila mmoja mwishoni hufanya utafiti wake na kuuandika. Kadhaa miongoni mwao walikuja Pemba: popo, msitu wa Ngezi, Misali, uvuvi. Ripoti zao zinapatikana kwenye intaneti, yeyote anaweza kuzifungua. Lakini ziko kwa Kiingereza. Mtu wa Konde anaweza kuhojiwa na mgeni kuhusu msitu ulio nyuma ya nyumba yake na asije akasoma alichokisema.

Wageni hao wamefanya kazi yao. Iliyobaki ni yetu. Tunao vijana katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Unguja, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro. Kila mmoja wao akiandika kurasa kumi tu za Kiswahili kwa muhula, kuhusu ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, mikoko, nyasi za bahari au kasa, ndani ya miaka michache skuli zetu zitakuwa na maktaba ambayo haijawahi kuwapo.

Tusidhani pia kwamba kazi hii ni ya wakubwa tu. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe. Mwaka 1991, vijana 12 wa sekondari walikutana Dar es Salaam na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, na kutokana na mkutano huo ikazaliwa Roots & Shoots, ambayo sasa ina vikundi katika nchi nyingi. Wale walikuwa watoto wa watu waliouliza maswali na kutaka majibu.

Mzazi afanye nini?

Huhitaji kujua Kiingereza wala biolojia. Unahitaji simu uliyonayo na subira kidogo.

*Omba ukurasa mmoja kwa wiki.* Mwambie mwanao: “Niandikie kitu kimoja ulichojifunza wiki hii, kwa Kiswahili, kama unavyozungumza nami.” Ukurasa mmoja unatosha. Akituma kwa ujumbe wa simu, sawa. Akiandika kwenye daftari na kulileta likizo, sawa pia.

*Muulize pale usipoelewa.* Usione haya. “Neno hili maana yake nini?” ni swali linalomsaidia kuliko sifa. Akishindwa kulijibu, atarudi kwa mwalimu wake kuuliza, na hiyo ndiyo elimu.

*Mtake aandike alichokiona.* Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazomwandikia mtu kila kitu. Haziwezi kumwonea popo wangapi walitoka mtini jana magharibi, wala kusikia alichosema babu kuhusu Ngezi ya zamani. Tarehe, saa, pahala, idadi, na nani aliyesema: mwanafunzi akiweka hayo, kazi ni yake.

*Mpatie wasomaji wengine.* Skuli nyingi zina ubao au ukuta ambao gazeti la ukutani linaweza kubandikwa. Redio Jamii Micheweni husikika majumbani. Madrasa, kikundi cha akina mama, ofisi ya sheha, zote ni pahala pa kusomea ukurasa mmoja kwa sauti. Mdogo wake wa darasa la sita akiuelewa, ukurasa umefaulu.

*Mwonye kuhusu mambo ya kutoandika.* Asitaje mti hasa wanakolala popo wasiolindwa, wala pahala hasa penye mayai ya kasa, kwani msomaji mmoja mbaya anatosha. Asimtaje kwa jina jirani aliyemwona akiwinda, maana ukurasa wa elimu ukigeuka mashitaka utaleta ugomvi mtaani na hautamwokoa popo. Asipige picha za watu bila ya ruhusa yao.

*Mlinde na afya yake.* Popo watazamwe kwa mbali. Asiwashike kwa mikono mitupu, wala asiokote aliyeanguka au mgonjwa. Na watoto nyumbani wasile tunda lililong’atwa na popo.

*Mwachie akosee.* Ukurasa wa kwanza utakuwa na maneno magumu mengi na maelezo machache. Wa tano utakuwa bora. Ukimkosoa mno mwanzoni ataacha, na utarudi kwenye lile jibu la “nasomea mambo ya mazingira.”

Faida inayobaki nyumbani

Wapo wazazi watakaouliza: je, hii itampatia kazi? Anayesomea uhifadhi, akiajiriwa na idara ya misitu, ya uvuvi, shirika au skuli, sehemu kubwa ya kazi yake itakuwa kukaa na wanakijiji na kuwaeleza. Kijana aliyefanya mazoezi miaka mitatu na mama yake hatababaika mbele ya kamati ya wavuvi. Na atakuwa na daftari la kumwonesha mwajiri, kitu ambacho cheti peke yake hakioneshi.

Lakini hata asipoajiriwa kesho, kuna linalobaki. Eneo lote la mkondo wa magharibi ya Pemba sasa ni hifadhi ya bahari, inayofahamika kwa jina la PECCA, na maamuzi yake hupitia kwenye kamati za vijiji. Msitu wa Ngezi una wanavijiji wanaoishi kuuzunguka. Kila mwaka mikutano huitishwa, na kila mwaka wapo wazazi wanaokwenda, wanakaa nyuma, na wanarudi bila ya kuuliza kitu. Mzazi aliyesoma kurasa ishirini za mwanawe anaweza kunyanyua mkono na kuuliza: mwamba huu tunaufunga miezi mingapi, na kwa nini miezi hiyo?

Wiki hii, akikupigia kuomba nauli au pesa ya chakula, mpe unachoweza. Kisha mwambie na wewe una ombi: ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kabla ya Ijumaa.